Kikombe Chenye Msumari Wake

Nyumbani kwa Mwalimu Thaddée, eneo la Rubondo katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, nyuma ya mlango wa jikoni, palikuwa na msumari wa inchi nne. Kwenye msumari huo kilining'inia kikombe cha bati, cheupe chenye ukingo wa bluu, kimebanduka rangi kidogo karibu na mkono. Vikombe vingine vya nyumba hiyo vilikaa pamoja katika beseni, vimepandana kama watoto waliolala kitanda kimoja. Hicho cha msumarini kilikaa peke yake, kilioshwa peke yake, na kilishushwa tu pale Bernardine alipopita kusalimu.

Hakuna aliyewahi kusema kwa nini. Clémence, mke wa Mwalimu, alikishusha, akakijaza chai, akampa Bernardine kwa mikono miwili na tabasamu zuri kabisa, kisha wakazungumza habari za mvua na mihogo. Bernardine alikunywa, akashukuru, akaondoka. Nyuma yake alisikia maji yakimwagwa na bati likigonga ukuta. Mambo yalikwenda hivyo miaka sita, na katika miaka yote sita wanawake hao wawili hawakugombana hata mara moja. Ubaguzi ukishakomaa hautukani mtu. Unampa chai kwa mikono miwili. Na mwenye kupewa, afanye nini? Atagombana na chai?

Bernardine Niyonshuti ni Mtwa. Huko Burundi alikotoka watu ni wa makundi matatu, na mawili makubwa yameuana mara nyingi kiasi kwamba dunia nzima inayajua kwa majina. Kundi la tatu ni dogo, nalo ndilo la Watwa, watu wa vyungu. Mwalimu Thaddée alikuwa wa upande gani kati ya zile mbili kubwa, mimi sisemi, kwa sababu katika suala la msumari pande zote mbili zilikubaliana. Pengine ndilo jambo pekee walilokubaliana bila kuitiwa mkutano.

Bernardine alizaliwa kwenye kilima ambacho jamaa zake walipewa mahali pa kujenga, hawakupewa mahali pa kulima. Mama yake alifinyanga. Vyungu vyake vilipika maharage ya kilima kizima, vilitunza maji yao, vilichachusha pombe ya harusi zao. Lakini siku ya harusi yenyewe mama huyo alikaa kando ya ua, na pombe aliletewa ndani ya kipande cha kibuyu kilichovunjika. Waswahili husema mfinyanzi hulia gaeni, wakimcheka fundi asiyefaidi kazi ya mikono yake. Mama yake Bernardine hakulichagua gae. Alipewa.

"Mwanangu," alimfundisha, "tembea na kikombe chako. Ukiwa na chako, hakuna atakayepata nafasi ya kukunyima chake."

Basi Bernardine alikua na kikombe mkobani. Alisoma miaka mitatu tu, na katika miaka hiyo alichokikumbuka zaidi ni hadithi moja ya darasani. Mungu, mwalimu wao alisimulia, aliwapa ndugu watatu kila mmoja kibuyu cha maziwa akilinde mpaka asubuhi. Mmoja alikilinda mpaka kukapambazuka, akapewa utawala. Wa pili alisinzia, nusu yakamwagika, akapewa jembe. Wa tatu aliyanywa yote, akaambiwa kwamba yeye na uzao wake hawatakuwa na kitu milele. Mwalimu hakumtaja mtu, lakini darasa zima liligeuka kumtazama Bernardine. Jioni alimwuliza mama yake kama ni kweli. Mama alikuwa anakanyaga udongo, na hakuacha kukanyaga.

"Alikuwa na kiu," alijibu. "Maziwa ni ya kufanya nini, kama si ya kunywa?"

Babu yake naye alikuwa na lake. Wazungu walifika kilimani akiwa kijana, wakampima kimo, wakampima pua kwa kitu kama koleo, wakaandika kwenye daftari kubwa. Babu alidhani wanataka kumshonea koti. Alilisubiri koti hilo mpaka anaingia kaburini, na watoto wake walimcheka sana kwa hilo, ila Bernardine alipokuwa mtu mzima kicheko kilimwishia. Wazungu hawakuuleta msumari. Waliukuta ukutani, wakatafuta nyundo. Kilichokuwa maneno ya kando ya moto kikawa maandishi, na maandishi ni magumu kuyacheka.

Mwaka 2015 nchi ilipochafuka tena, Bernardine, mjane tayari, alivuka mipaka na binti yake Doriane na kaka yake Natanaeli. Walifika Nakivale wamevimba miguu. Mezani pa kuandikishwa karani alimwuliza ametoka nchi gani. "Burundi," alisema. Karani akaandika Mrundi, akaita anayefuata. Bernardine alibaki amesimama pale, akingoja swali la pili, mpaka mtu wa nyuma akamsukuma. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake neno hilo moja kumtosha, na alilia, na watu walidhani analilia nyumbani.

Miaka miwili hakugusa udongo. Alilima vibarua, alipanga foleni ya chakula pamoja na wenzake, alikunywa maji kwa kikombe chochote kilichokuwa karibu na bomba. Wakati huo ndipo alipozoeana na Clémence kwenye kanisa dogo la Rubondo. Siku ya kwanza alipokaribishwa, Clémence alionja chai kidogo kisha akampa, maana kwa Warundi mwenyeji hutangulia kuonja ili mgeni ajue hakuna sumu. Bernardine alikunywa pale palipogusa midomo ya mwenzake. Alikwenda nyumbani akiimba.

Lakini kuni zilikuwa adimu na mikono ilimwasha. Kando ya ziwa, kwenye majimaji, alikuwa ameona udongo mweusi laini usio na mchanga, na kila alipopita aliutazama kwa jicho la wizi. Siku moja aliuchimba. Aliukanyaga, akatoa vijiwe, akachanganya vigae vilivyotwangwa, akafinyanga jiko lenye tumbo jembamba linalopika sufuria ya maharage kwa vijiti vitano. Kabla ya mwaka kwisha nusu ya Rubondo ilipikia majiko yake. Wakongomani walimsifu, Wasomali walimsifu, Wanyankore, wenyeji wa Ngarama, walikuja kuagiza. Warundi nao waliyanunua, wakayasifu, wakaitazama ile mikono yenye udongo hadi viwikoni, na wakajua.

Aliporudi kwa Clémence msumari ulikuwa umeshapigiliwa. Chai ilikuwa tamu kama kawaida, ila safari hii hakuna aliyeionja kwanza.

Jirani wa Bernardine upande wa pili alikuwa Mariette, Mkongomani wa Fizi, mwanamke wa sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi, aliyeitwa Mama Bienfait kwa jina la mwanawe. Huyo kwake Warundi wote walikuwa Warundi tu, kama mchele ulivyo mchele. Alikunywa na Bernardine kikombe kimoja, alimalizia chai yake bila kuomba, na mara kadhaa alifuatana naye kwenda kwa Clémence. Huko yeye alipewa chai kwenye kikombe cha beseni. Aliuona msumari, akaona kikombe kinavyoshushwa kwa uangalifu, akakaa kimya. Mariette akikaa kimya ujue anafikiri, na Mariette akifikiri, jambo huwa njiani.

Yote hayo Bernardine angeyabeba mpaka kaburini kama babu yake na koti. Lakini Doriane akapenda.

Alikuwa mpishi katika shule moja ya wasichana upande wa Nyamitanga, ng'ambo ya mto Rwizi, mjini Mbarara. Aimable, mtoto wa Mwalimu Thaddée, alikuwa seremala mjini humo humo. Walikua pamoja Rubondo, wakakutana tena Mbarara, na mambo yakaenda yanavyokwenda. Aimable alimwambia baba yake waziwazi kwamba anataka kuoa na kwamba atamwoa Doriane. Mwalimu akasema, "Tutaona."

Alisema hivyo mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Hakukataa. Mtu akikataa unaweza kumwuliza sababu. Lakini Bernardine alijua kilichomkwama kooni. Posa ya Warundi haikamiliki kwa maneno. Chungu kimoja cha pombe ya mtama huwekwa katikati, na wazee wa pande mbili hunywa humo pamoja, mbele ya watu. Kama Mwalimu hatakunywa na Natanaeli, hakuna ndoa. Aimable alikuwa tayari kuoa bila baraka. Doriane alikataa. "Sitaingia nyumba ya watu kwa kupitia dirishani, Mama," alisema, na Bernardine alijivuna na kuumia kwa wakati mmoja, kwa sababu alijua mlango wa nyumba hiyo una nini nyuma yake.

Mwezi wa sita mwaka jana mama mmoja tajiri wa Nyamitanga aliagiza majiko manane na vyungu vya maua. Mwalimu Thaddée alikuwa na safari ya Mbarara, na Bernardine alimwomba amsaidie kuzungumza na watu wa mjini, maana Mwalimu ana Kifaransa, ana Kiingereza cha kutosha, na ana koti. Walipanda pikapu pamoja na majiko. Njiani Mwalimu alikuwa mchangamfu. Alimweleza habari za shule aliyoiongoza Burundi, na jinsi mkuu wa mkoa mwenyewe alivyokuwa akimwamkia kwanza.

Geti lilifunguliwa na mfanyakazi wa ndani, binti wa Kinyankore aliyeitwa Orpa.

"Nyinyi bakimbizi ya majiko? Weka hapo. Ngoja inje, madamu anaoga."

Walingoja kwenye jua, nje ya geti, saa nzima na zaidi. Mwalimu alivua koti, akalivaa tena. Mwishowe Bernardine aliomba maji. Orpa akaenda bombani kwenye bustani, akarudi na kidumu cha plastiki kilichokatwa shingo, kile cha kumwagilia maua, bado kina tope ukingoni.

"Kunywa na hii, sebo, mzee. Kikombe ya nyumba hapana toka inje. Madamu alikataa."

Mwalimu Thaddée alikitazama kidumu kana kwamba kimemtukana mama yake. Bernardine alikipokea, akafuta ukingo kwa kanga, akanywa, akashukuru.

"Na wewe, binti," alimwuliza Orpa, "unakunywa na nini?"

"Mimi iko na yangu," Orpa alisema, akaonyesha juu ya dirisha la jikoni. Kikombe cha plastiki cha kijani kilikuwa kimekaa pale, peke yake, upande wa nje.

Bernardine alikitazama kile kikombe cha kijani kwa muda mrefu. Alikuwa amedhani, miaka yote hiyo, kwamba msumari ni mali ya kwao, kama lugha, kama nyimbo za kubembelezea watoto. Kumbe una ndugu zake kila mahali, wengine wanakaa dirishani.

Njia nzima ya kurudi Mwalimu aliwaka. "Mimi! Kidumu cha maua! Wanatuonaje hawa? Kwamba midomo yetu ina ugonjwa? Mtu umri wangu, mwalimu wa miaka ishirini, ananyimwa kikombe kama vile si mtu!" Aliyasema yote hayo kwa Kirundi safi, akigonga goti, na Bernardine, aliyeketi mbele yake juu ya gunia, alimtazama machoni akingoja. Alingoja mpaka Kabingo. Alingoja mpaka pikapu ikaacha lami. Nyani haoni kundule. Mwalimu alisonya, akafunika uso kwa kofia, akalala. Naye hakumsemesha tena siku hiyo, na Bernardine alihisi kama ni yeye aliyemkosea.

Mwezi wa nane Mwalimu na Clémence walitimiza miaka thelathini ya ndoa. Padri aliwabariki, na baada ya misa watu wakafuatana nao nyumbani. Aimable alikuja kutoka Mbarara, Doriane pia, na habari ilikuwa imeshaenea kwamba baada ya sherehe Mwalimu atatoa neno lake la mwisho. Pombe ya ndizi ilikaa katikati ya ua ndani ya chungu kikubwa chenye shingo ya michirizi. Ni Bernardine aliyekifinyanga na kukitoa zawadi. Wageni wote walikisifu. Yeye alikaa mwisho wa mkeka, karibu na uzio, pale alipozoea kukaa bila kuambiwa.

Wageni walikuwa wengi na vikombe vikaisha. Clémence siku hiyo alikuwa bibi harusi, amekaa kitini kando ya mumewe na taji la maua kichwani. Jikoni walikuwamo majirani, na mkubwa wao alikuwa Mariette. Akaingia kutafuta kikombe cha mwenye sherehe, akatazama beseni tupu, akatazama nyuma ya mlango. Kule kufikiri kwake kwa miaka mingi kukampa jibu.

Alitoka nacho kimejaa, amekishika kwa mikono miwili, akapiga goti mbele ya Mwalimu.

Bernardine alikiona kabla hakijafika. Ukingo wa bluu. Rangi iliyobanduka. Alimtazama Clémence, na Clémence naye alikuwa amekiona, mdomo umefunguka nusu. Neno moja tu lingetosha: kirudisheni, hicho si chake. Lakini angeulizwa, ni cha nani? Na akijibu, angeulizwa, kwa nini? Miaka yote hiyo kimya ndicho kilichoushika ule msumari ukutani, na sasa kimya hichohicho kilimziba kinywa.

Mwalimu Thaddée alikunywa. Alikunywa kwa raha, kichwa nyuma, watu wakapiga vigelegele. Kisha, kama ilivyo kwa watu walioishi pamoja miaka thelathini, akampa mkewe. Clémence alikipokea. Taji la maua lilitikisika. Akakipeleka mdomoni, akanywa kidogo, akafumba macho kama mtoto aliyepewa dawa ya minyoo. Kikaenda kwa katekista. Kikaenda kwa wazee, kikajazwa tena, kikazunguka mkeka mzima, na kilipofika kwa Bernardine, Mariette alikijaza hadi ukingoni.

Afanye nini? Alikunywa.

"Lete huku," Mwalimu alisema kwa furaha, mkono ameunyosha, "pombe hii imepatana na chungu chake!" Kisha akaona kikombe kimetoka kwenye midomo ya nani, na mkono ukabaki hewani.

Mariette hakuuona mkono. Alikuwa na hotuba. "Mwalimu, hii kikombe njo yako leo! Mimi niliionaka inakaa ku musumari yake pekee, nikajua hii ni ya bakubwa. Kwetu Fizi kikombe ya mwami, mufalme wetu, habaichanganyake na ya bantu. Kila siku ni Mama Doriane banamupatiaka hii. Nikasema, ee, hawa Barundi banamuheshimu huyu mama mingi! Lakini leo, Mama Doriane atasamehe, mukubwa ni wewe."

Warundi wote waliinamisha macho kwa pamoja kama wanasali. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye hakuelewa, wala hakuna ambaye hakuwa amekunywa.

Mariette aliwatazama huyu na huyu. "Nimekosa?" aliuliza.

Ili kumjibu, mtu alipaswa kusimama mbele ya katekista, mbele ya Wakongomani na Wanyankore, na kueleza kwa sauti kazi ya msumari. Katekista alikohoa. Aimable alisimama, akakaa. Bernardine alimwona Doriane wake upande wa pili, amejishika mikono kifuani, na akajua kwamba ndoa ya mwanawe imelala pale kwenye mkeka kama yai.

"Hukukosea, Mama Bienfait," alisema. "Wamekwisha kunywa wote."

Mwalimu Thaddée aliteremsha mkono. Aliinuka, akaingia ndani, hakutoka tena. Neno la mwisho halikutolewa. Watu walikula wali wao haraka, wakaaga.

Nyumbani Bernardine alilia kwa hasira, na hasira yote alimwangushia Mariette, ambaye hakuwa na kosa lolote. Alimweleza sasa, kwa mara ya kwanza, kila kitu: msumari, gae, kibuyu cha maziwa, pua ya babu. Mariette alisikiliza mdomo wazi. Alicheka kidogo, akajizuia, kisha akajifuta macho.

"Mimi niko na yangu zambi," alisema baada ya muda. "Bienfait alitakaka kuoa binti moja kule kwetu. Nikakataa kabisa. Juu bibi yake alikuwaka mutumwa wa nyumba ya bababu yetu. Bibi yake, Mama Doriane! Mutu mimi hata sikumuonaka na macho."

Jiko lilikuwa limezimika na hakuna aliyeliwasha.

Siku tisa zilipita. Doriane alirudi Nyamitanga bila kuuliza. Bernardine alikanyaga udongo kuanzia asubuhi mpaka miguu ikafa ganzi. Siku ya kumi, mchana wa jua kali, alimwona Mwalimu Thaddée anakuja kwa miguu, peke yake, na koti lake. Katika miaka yote ya Rubondo hakuwahi kukanyaga ua huo. Mfuko wa koti ulikuwa umevimba, na kwenye mdomo wa mfuko Bernardine aliona ukingo wa bluu.

Amekuja kunirudishia changu, aliwaza. Ndiyo jibu lenyewe. Akaosha mikono taratibu, akampa kigoda.

Mwalimu alikaa. Alikitoa kikombe, akakiweka chini katikati yao. Alitazama vyungu vilivyoanikwa kivulini, akavitazama tena.

"Mama Doriane," alisema, "nimetoka mbali. Nina kiu."

Bernardine alikwenda mtungini. Alijaza kikombe. Alitaka kumpa hivyohivyo, haraka, amalize. Halafu akakumbuka kwamba yeye ndiye mwenyeji. Tangu azaliwe hakuwahi kumwonjea mtu asiye wa ukoo wake, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwomba kinywaji. Alipeleka kikombe mdomoni, akameza kidogo, akampa kwa mikono miwili.

Mwalimu alikipokea. Alikigeuza, si kukwepa pale palipoguswa, bali kupatafuta. Akanywa hapo. Alikunywa mpaka tone la mwisho.

"Mwambie Natanaeli asiende mbali Jumamosi ya pili ya mwezi ujao," alisema. "Tutakuja kuomba binti. Chungu kiwe kimoja." Kisha akaongeza, chini kidogo, "Mama Aimable bado. Msumari niliung'oa mimi, yeye hasemi na mimi tangu Jumatatu. Tumpe muda."

Bernardine aliitikia kwa kichwa. Alitaka kupiga kigelegele, alitaka kumtupia udongo usoni. Hakufanya lolote, alikaa chini tu.

Mwalimu hakuondoka. Alikishika kikombe kitupu juu ya goti.

"Siku ile ya Nyamitanga," alisema, "nilikukasirikia wewe kuliko wao. Nilisema moyoni, mtazame, anakunywa tu."

"Nilikuwa na kiu, Mwalimu."

Kuku alipita kati yao, akadonoa udongo mbichi, akaenda zake.

"Miaka ishirini nimewasimulia watoto wa watu habari ya yule wa tatu aliyeyanywa maziwa," Mwalimu Thaddée alisema. Alimrudishia kikombe ili ajaze tena. "Kule getini nami nilikuwa na kiu."